Kichomi cha ubavuni: altrasaundi ilikosa, siti skani ikaliona jiwe la figo

Kilinianza usiku, msimu wa karafuu, nyumbani Wete. Kichomi upande wa kushoto, chini ya mbavu kwa nyuma, kikishuka hadi kinenani. Nikilala hakinipi nafuu, nikisimama hakinipi nafuu, nikazunguka ukumbini hadi nikatapika. Mchana kutwa nilikuwa juu ya mkarafuu na maji sikunywa hata vikombe viwili.

Zahanati niliyokimbilia walinipiga altrasaundi wakasema hakuna jiwe, ni gesi. Nikarudi na vidonge vya tumbo. Hapo nina kinyongo mpaka leo, maana karatasi ya majibu iliandikwa wazi kuwa figo ya kushoto imevimba kidogo. Figo haivimbi bure, mara nyingi mkojo umezuiwa mahali! Na mkojo wenyewe hawakuupima kuangalia damu.

Siku ya tatu nikapanda meli Mkoani kwenda Unguja. Daktari alianza na sindano ya diklofenaki, dawa ya maumivu, na baada ya nusu saa nikaweza kukaa kitako. Akasoma ile karatasi, akanambia mashine haikudanganya. Altrasaundi inaiona figo vizuri, lakini jiwe likishashuka katikati ya mrija unaopeleka mkojo kutoka figo hadi kibofu, utumbo na hewa yake vinalificha. Akaniandikia siti skani, kipimo cha eksirei kinachopiga picha za ndani ya mwili kipande kwa kipande.

Kipimo chenyewe ni chepesi kuliko nilivyokiogopa. Unalala chali, mikono juu ya kichwa, kitanda kinaingia kwenye duara, unaambiwa vuta pumzi, izuie. Dakika chache tu. Sikuchomwa dawa ya kung'arisha picha, kwa kuwa jiwe linaonekana bila hiyo. Baadaye daktari akanionesha kwenye skrini: nukta nyeupe kama mfupa, peke yake katikati ya mrija wa kushoto. Milimita 4. Nilitaka kulia, maana nilikwisha anza kuamini kuwa nazusha.

Kipimo hicho kilibadilisha kila kitu. Jiwe lililo chini ya milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe, kwa hiyo hakukuwa na haja ya upasuaji. Nilipewa dawa ya maumivu, nikaambiwa ninywe maji na nichuje mkojo. Nimenunua chujio la chai kwa kazi hiyo tu.

Siti skani ina mionzi, kwa hiyo mjamzito na mtoto waanze na altrasaundi. Eksirei ya kawaida ikiwa safi isikutulize, mawe ya yuriki asidi, aina moja ya mawe ya figo, hayaonekani humo. Na kichomi kikija na homa, usisubiri meli ya kesho kama nilivyosubiri mimi, nenda hospitali iliyo karibu saa hiyo hiyo.

Siku ya tisa, alfajiri, lilidondoka kwenye chujio: la kahawia, lenye ncha, kama chenga ya mchele. Nimelitia kwenye kichupa. Wiki ijayo nalipeleka maabara wanambie ni la aina gani.