SKY130 na zana zake za bure: nimechora saketi ya gigabiti 1 kwa leptopu

Naipa nyota 4, ya tano nimeibana na sababu ntaitaja. Kwa asiyeijua, SKY130 ni mafaili ya kiwanda cha SkyWater cha Marekani yanayoeleza transista zao za nanomita 130 zinavyofanya kazi, wao na Google waliyaachia bure 2020. Kwa kawaida mafaili ya aina hii mpaka usaini mkataba wa siri, alafu bado laiseni ya programu ya kuchorea, mwanafunzi unabaki kuangalia slaidi tu.

Mi nilidaunlodi kontena (furushi la programu zilizopangwa tayari) la zana la chuo cha Linz kule Austria, xschem ya kuchora saketi, ngspice ya kuisimuleti na magic ya kuchora inavyokaa kwenye chipu zote zimo, ila GB zake ni nyingi subiri bando la usiku.

Nikachora siriyalaiza ya 8 kwa 1, yani biti 8 zinaingia kwa mkupuo zinatoka kwa foleni, mbele yake draiva ya kusukuma biti nje ya aina ya CML, ambayo ni transista mbili zinagombea mkondo mmoja, biti ikibadilika mkondo unahamia kwa mwenzake hauzimwi, ndo maana ina spidi. Siku ya kwanza ngspice ikagoma eti haioni modeli ya transista, kumbe upana niliouweka uko nje ya vipimo vya modeli. Kosa langu, ila ujumbe hausemi hivyo nikapoteza jioni nzima. Nyota imeondokea hapo.

Baada ya hapo ni raha. Kwa gigabiti 1 kwa sekunde kila biti ina nanosekunde 1 tu, nikatupia mfuatano wa biti 127 zilizovurugwa, nikalaza mawimbi moja juu ya lingine, yanatoa umbo la jicho, likiwa wazi biti zinasomeka vizuri, jicho likafunguka waa! Nkajua nimemaliza. Sasa nenda kachore leya, yani ramani ya saketi inavyokaa kwenye chipu, kwenye magic, toa zile kapasita za waya ambazo hukuzichora ila zipo, rani tena... jicho linasinzia. Waya niliouzungusha toka siriyalaiza hadi draiva ndo ulikuwa unakula kingo za mawimbi. Nimeisogeza draiva jirani kabisa limerudi, ila sio lile la mwanzo, na hapo pedi, zile sehemu za kuunganishia chipu na nje, bado sijaweka.

Wanaowaza 10 Gbps, biti inakuwa pikosekunde 100, kwa transista hizi mtasota. Na pedi za GPIO (za kuingiza na kutoa ishara za kawaida) zinazokuja na SKY130 ni za mwendo wa taratibu, za gigabiti unachora mwenyewe. Leptopu ya RAM 4 usijaribu, yangu ina 8 na simulesheni ya leya niliiwasha saa 3 usiku, adhana ya alfajiri imenikuta feni bado inalia.