Kununua friji Dodoma: uliza waranti ni ya nani kabla hujauliza ni ya miaka mingapi

Watu wengi wakiingia dukani wanaangalia ukubwa, rangi na bei basi, halafu muuzaji akiona unasitasita ndo anatoa silaha yake: "Bosi hii ina waranti ya miaka kumi." Hapo wengi wanalegea. Muulize kwanza, miaka kumi ya nini? Maana ukiisoma ile stika mpaka maandishi madogo ya chini unakuta miaka kumi ni ya kompresa tu, ile mota nyeusi iko nyuma kwa chini, friji yenyewe nzima ina mwaka mmoja au miwili. Na hata hiyo kompresa mara nyingi unapewa kifaa kitupu, hela ya fundi, gesi na usafiri unajijua mwenyewe. Wakati friji inaweza kufa bodi, themostati, feni, au gesi ikavuja, na hivyo vyote huo mwaka mmoja au miwili ikipita ni juu yako.

Kwa hiyo hapa sipangi kwa brandi, LG, Samsung, Hisense, chagua unayoipenda. Napanga kwa swali moja, ikizingua nani anakuja kuiangalia na friji inaenda wapi.

Namba moja kwangu ni duka la wakala wa kampuni ambalo lina fundi wake hapahapa Dodoma. Bei yake itakuwa juu kidogo, sawa, ila unalipia mtu wa kupigiwa simu akaja mpaka Nkuhungu au Ilazo na begi lake. Usikubali kuambiwa tu "tuna fundi", omba namba ya fundi ukiwa bado hujalipa, piga hapohapo mbele ya muuzaji umuulize kama anafanya kazi za waranti za hiyo kampuni na spea anatoa wapi. Akijibu "spea zinatoka Dar ndani ya wiki" huyo anaeleweka. Akianza kukuzungusha, jua waranti yako iko Dar, na Dar kwa barabara ni kama kilometa 450, sasa piga hesabu ya kupeleka friji na kuirudisha uone kama hiyo waranti bado ni ya bure.

Hapohapo hakikisha kadi ya waranti imejazwa: modeli, siriali namba, tarehe, mhuri wa duka. Siriali ya kwenye kadi ilingane na ya kwenye friji, kaangalie mwenyewe ile lebo ya ndani au ya nyuma, wauzaji wanajaza harakaharaka. Na dai risiti ya EFD, hiyo ndo inaonyesha ulinunua lini, ila ile karatasi inafutika na joto letu hili, ukiiweka kwenye droo baada ya miezi kadhaa unatoa karatasi nyeupe. Ipige picha siku hiyohiyo, jitumie WhatsApp.

Namba mbili, na hapa najua kuna watu watanibishia, ni duka la kawaida la mtaani lenye waranti yake lenyewe ya miezi sita au mwaka. Kwenye karatasi ni ndogo ukilinganisha na ya kiwanda, lakini mwenye duka unamkuta kila siku, hawezi kukukimbia, na wengine ikigoma ndani ya mwezi wanakubadilishia bila maneno mengi. Sharti moja tu, aandike nyuma ya risiti kwamba atabadilisha au atatengeneza, na kwa muda gani. Ya mdomo usiihesabu kabisa.

Na lile bango la "mali ikishauzwa hairudishwi" lisikutishe. Kama friji ina kasoro ulivyoinunua una haki ya kudai, mambo ya kumlinda mlaji yapo kwenye Sheria ya Ushindani ya 2003 na wanaosimamia ni FCC, Tume ya Ushindani. Ukijisikia tu rangi hujaipenda, hapo bango limeshinda.

Namba tatu, kuagiza Kariakoo. Bei inavutia kweli, ila likitokea la kutokea wewe uko Dodoma na duka liko kule, na friji ikigongwa kwenye lori duka litasema ni la msafirishaji, msafirishaji atasema ilipakiwa hivyohivyo. Kuna jirani huku kwetu ilimfika hiyo, mlango umebonyea, hakupata hata mia. Ikifika, ifungue mbele ya dereva, piga video, kisha isimamishe masaa kadhaa kabla ya kuchomeka kama ilikuja imelazwa. Zile zilizoingizwa toka Dubai kwa mtu binafsi uliza mara mbili, waranti nyingi zinafanya kazi nchi ilikouzwa tu.

Waranti ya kuongeza kwa kulipia? Mimi naipita. Hela hiyo nunua friji gadi nzuri, kile kifaa cha kukinga friji na umeme mbaya, kwa sababu waranti karibu zote zinakataa uharibifu wa umeme, na umeme wetu ukikatika unavyorudi unajua mwenyewe. Halafu usimwite fundi wa mtaani afungue nyuma ikiwa bado ndani ya muda, sili ikikatwa wamekumaliza.

Mwisho kabisa, used. Waranti ya wiki moja, hiyo ni ya kukutuliza tu mpaka ufike nyumbani. Ila kama bajeti ndo hiyo basi nenda na fundi wako umlipe, iwashwe palepale dukani mpaka friza igandishe maji kwenye kikombe, usikubali "tumeizima sasa hivi ilikuwa imeganda vizuri". Ikishagandisha ndo uite kirikuu.