Waya upi ununue kuunganisha kompyuta na TV ya sebuleni

Ukiingia Kariakoo au Luthuli Avenue kutafuta waya wa HDMI, utaoneshwa wa kila bei, na muuzaji atakuhakikishia kwamba wa bei ya juu ndio wenye picha safi. Usinunue kwa neno hilo. HDMI husafirisha data ya kidijitali. Data ikifika salama, waya wa bei nafuu na ule uliopakwa dhahabu hutoa picha ileile, rangi kwa rangi. Isipofika, picha haififii: utaona vidoa vyeupe vikimetameta, kioo kitazima sekunde mbili tatu kisha kuwaka, au kitabaki cheusi moja kwa moja. Kwa hiyo angalia waya unabeba gigabiti ngapi kwa sekunde, basi.

Kwa TV ya Full HD, karibu waya wowote wa HDMI uliotengenezwa vizuri unatosha. Kwa 4K inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde unahitaji gigabiti 18, kiwango kilichokuja na HDMI 2.0 mwaka 2013. HDMI 1.4 ya mwaka 2009 nayo inaonesha 4K, ila ni mara 30 tu kwa sekunde. Filamu utaitazama bila tabu, lakini kishale cha mausi kitakuwa kizito na kinaruka-ruka.

Chaguo la kwanza: HDMI kwa HDMI, waya wenye lebo ya Premium High Speed, mita 2. Huu ndio ninaowashauri watu wengi. Kwenye boksi tafuta stika ya lebo hiyo yenye msimbo wa QR, ambao unaweza kuukagua kwa simu papo hapo dukani. Usibabaishwe na maandishi "2.0" au "2.1" yaliyochapwa kwa herufi kubwa: namba hizo ni za vifaa, na waya hupimwa kwa lebo yake. Juu yake kuna Ultra High Speed, gigabiti 48, ya HDMI 2.1. Ichukue kama unacheza gemu za 4K kwa mara 120 kwa sekunde, au kama tofauti ya bei ni ndogo. Vinginevyo TV yako haitaitumia nguvu hiyo.

Chaguo la pili: adapta ya USB-C kwenda HDMI. Kompyuta mpakato nyembamba nyingi hazina tena tundu la HDMI, na hapa ndipo watu wanapopoteza pesa. Si kila tundu la USB-C linatoa picha. Mengine ni ya kuchaji na kuhamisha mafaili tu. Chungulia pembeni ya tundu: alama ya DisplayPort (aina nyingine ya tundu la picha la kompyuta), yaani D iliyobeba P, au alama ya radi ya Thunderbolt, inamaanisha picha itatoka. Usipoona alama yoyote, soma maelezo ya modeli yako kabla ya kulipa. Kisha soma boksi la adapta mpaka maandishi madogo. Nyingi zimeandikwa "4K" kwa mbele, na nyuma zinakiri 30Hz, yaani mara 30 kwa sekunde. Unayoitaka imeandikwa 4K 60Hz.

Chaguo la tatu: DisplayPort kwenda HDMI. Hili linawahusu hasa wenye kompyuta za mezani za mtumba zilizotoka maofisini. Dell OptiPlex na HP EliteDesk nyingi za namna hiyo zina DisplayPort na VGA, bila HDMI. DisplayPort ni tundu zuri, linabeba na sauti, lakini TV za nyumbani kwa kawaida hazina DisplayPort. Nunua waya ambao upande mmoja ni DisplayPort na mwingine HDMI, na ujue kwamba waya wa kawaida wa aina hii ni wa njia moja: kutoka kompyuta kwenda TV. Ukiugeuza hautafanya kazi.

DVI na VGA ni za mwisho. DVI ya mwaka 1999 ni ya kidijitali na adapta yake kwenda HDMI ni rahisi, ila mara nyingi haibebi sauti. VGA ni ya mwaka 1987, si ya kidijitali, na inahitaji kigeuzi chenye umeme wake wa USB na waya wa sauti. Zifanye kimbilio tu pale ambapo mashine haina tundu jingine.

Sasa sauti, maana picha bila sauti nzuri haijawa sinema. Nyuma ya TV, tundu moja la HDMI limeandikwa ARC au eARC, yaani linaweza kurudisha sauti kutoka TV kwenda spika. Saundibaa au risiva ya sauti (amplifaya) ichomekwe hapo, na kompyuta ichomekwe tundu jingine. Kwa mpangilio huo, hata risiva ya zamani isiyopitisha 4K haitaizuia picha, kwa sababu kompyuta inaongea na TV moja kwa moja na sauti tu ndiyo inayorudi kwenye spika. Sabufa zetu nyingi hazina HDMI. Tumia waya wa tundu la hedifoni la TV kwenda kwenye matundu mekundu na meupe ya sabufa.

Kabla ya kurudisha waya dukani ukidai ni mbovu, ingia kwenye mipangilio ya TV. TV nyingi za 4K hufungia uwezo kamili wa tundu mpaka uuruhusu: Samsung huita Input Signal Plus, LG huita HDMI Deep Colour. Na kama kingo za picha zimekatwa, upau wa Windows hauonekani vizuri, tafuta Just Scan kwenye LG au Fit to Screen kwenye Samsung.

Ikiwa kompyuta iko mbali, zaidi ya mita 5, waya wa shaba huanza kuyumba kwenye 4K ya mara 60. Hapo nunua HDMI ya nyuzi za mwanga. Ncha zake zimeandikwa Source, ya kompyuta, na Display, ya TV. Ulaze sakafuni, uujaribu, ndipo fundi aupitishe ukutani.