Wameziba ua, halafu wananiuzia feni

Nyumba ya kale ya mawe mjini Lamu, imefanywa ya wageni. Jina silitaji, lakini hasira bado ninayo.

Ua wa katikati wameufunika kwa mabati ya plastiki, yale yanayopitisha mwanga! Nyumba hizi hazina madirisha ya maana upande wa mtaani. Unapita daka, yaani kibaraza cha mlangoni, unapinda kwenye tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, ili wa nje asimwone wa ndani, ndipo unatokea uani, na nyumba nzima inapumulia hapo: joto linapanda na kutoka juu, vyumba vinapata hewa. Ukiziba hapo umeinyonga. Ilikuwa msimu wa kaskazi, Januari au Februari, tukakesha tunajipepea kwa kipande cha boksi.

Nikamwendea kijana wa mapokezi. "Mwanangu, haya mabati hayasogezwi hata kidogo?"

"Mama, upepo uko pwani." Akacheka! Kisha: "Feni ipo, ila ni ya kulipia."

Yaani mnaziba upepo wa bure mpate kuuza wa umeme? Nililipa, ndiyo. Nilikuwa na mama yangu, ana presha, ningefanyaje? Eti mvua ilikuwa inawakera wageni. Wenyewe waliishi humo vizazi na vizazi, na mvua yao ikiingia.

Haya, nisiwe mnyimi wa haki. Chumba cha ndani kabisa kina zidaka za chokaa, vile vishubaka vya ukutani, ukuta mzima, safu juu ya safu, mpaka mama akasahau joto kwa muda. Vyumba ni virefu na vyembamba, maana boriti ya mkoko haivuki mbali, na mimi wembamba ule niliupenda. Birika la bafuni, yaani tangi la maji, lina visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Visamaki, jamani! Kwa hayo peke yake ningetoa nyota tano.

Nilitaka kutoa moja, nikapanda hadi tatu. Nikikumbuka kile kicheko, ni mbili. Mji huu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu anapandisha plastiki juu ya ua mchana kweupe.

Mkienda, kabla ya kuuliza bei ingieni mpaka uani mtazame juu. Mkiona plastiki, geukeni. Ila wakiibandua naomba mniambie, nitarudi wiki hiyohiyo, na yule kijana atanipokea apende asipende.