Meli yetu ya Mto Rhine ilipopwelewa: safari yangu na mama, Agosti 2022

Kwa anayetaka jibu la haraka: meli naipa nyota tano, wahudumu nyota tano, kampuni nyota mbili. Sababu zake ni ndefu kidogo, nivumilieni.

Naishi Utrecht, Uholanzi, na mfereji unaounganisha Amsterdam na Rhine unapita karibu na kazini kwangu. Kila kiangazi naziona zile meli ndefu nyeupe zikipita taratibu, watu wamekaa juu na vikombe vyao vya kahawa, na kila mara nilikuwa najiambia kwamba siku mama akija nitampandisha moja. Mwaka 2022 akaja. Alikuwa anatimiza miaka 70. Sisi watoto wake tukachangishana, nikakata safari ya siku nane kutoka Basel, Uswisi, mpaka Amsterdam, zaidi ya euro 2,000 kwa kila mtu. Kwetu sisi hiyo si pesa ya kuchezea. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nimeongea na watu waliosafiri na kampuni nyingine kiangazi kile na yaliwakuta yaleyale.

Nianze na mazuri, maana yalikuwepo mengi. Chumba kidogo lakini safi, kitanda kizuri, dirisha la kioo kuanzia juu mpaka chini. Nilipoeleza kwamba mama hali nguruwe na nyama isiyochinjwa kwa halali, mpishi alikuja mwenyewe mezani, na kuanzia siku hiyo mama alipata samaki kila mlo, kila siku kapikwa namna nyingine. Mhudumu mmoja kutoka Ufilipino alianza kumwita “Mama” tangu siku ya kwanza, akawa anamshika mkono kila anaposhuka ngazi bila kuombwa. Mambo kama hayo hayaandikwi kwenye tangazo, na mama anayakumbuka kuliko makanisa yote tuliyoonyeshwa.

Siku mbili za mwanzo safari ilikwenda vizuri kabisa. Kati ya Basel na Iffezheim Rhine imezuiwa kwa mabwawa kumi, na kila penye bwawa meli inapita kwenye malango. Inaingia kwenye chumba kirefu cha zege, lango la nyuma linafungwa, maji yanapunguzwa, meli inashuka polepole kama ndoo kisimani, kisha lango la mbele linafunguliwa. Meli hizi zina upana wa mita 11.4 hivi na chumba kile ni mita 12, kwa hiyo ukuta unakuwa karibu kiasi cha kuugusa. Mama aliugusa. Zege lilikuwa na ubaridi na ute wa kijani, akanusa vidole vyake, akasema, “Hili si la bahari.”

Jioni ya pili, Strasbourg, baada ya chakula, tukaitwa ukumbini. Meneja wa safari akatuambia kwamba maji ya Rhine yamepungua sana, meli yetu itaishia Mainz, na kutoka hapo tutapelekwa kwa basi mpaka Köln kupanda meli nyingine ya kampuni hiyohiyo, iliyofanana na hii kila kitu. Watu wakaanza kuulizana kwa sauti. Mimi nikawa namtafsiria mama, na yeye akanisikiliza mpaka mwisho, akasema neno moja tu: “Kumbe tumepwelewa.”

Mama ni mtu wa Pangani. Amekulia pale mto unapoingia baharini, na kwake chombo kupwelewa si habari mpya. Maji yakipwa mashua inakaa kwenye tope, wavuvi wanashona nyavu, wanangoja. Akaniuliza, “Haya, na yanajaa saa ngapi?” Nikamwambia, “Hayajai kwa saa, mama. Mpaka mvua inyeshe huko juu.” Akanyamaza muda mrefu.

Kesho yake nilimfuata nahodha juu nikamwomba anieleze, na alinieleza kwa subira. Chini ya Iffezheim hakuna tena bwawa lolote mpaka Uholanzi. Mto unajiendea wenyewe, na kina chake kinategemea theluji ya milima ya Alpi na mvua. Majira ya baridi yaliyotangulia theluji haikuwa nyingi, na kiangazi kikawa cha joto na ukame. Mahali pabaya kuliko pote ni Kaub, mji mdogo kati ya Mainz na Koblenz, ambapo chini ya mto ni mwamba. Pale pana kipimo cha maji kinachosomwa na kila mtu mwenye chombo kwenye Rhine. Katikati ya Agosti ile kilikuwa kimeshuka chini ya sentimita 40. Oktoba 2018 kiliwahi kufika 25, rekodi ya chini kuliko zote.

Hapa wengi hukosea, na hata mimi nilikosea. Sentimita 40 za Kaub si kina cha maji. Ni namba ya kwenye kipimo tu. Kina cha njia ya meli unakipata ukiongeza kama mita moja na sentimita kumi. Kwa hiyo siku ile njia ilikuwa na mita moja na nusu hivi, na meli yetu tumbo lake linakaa mita 1.6 chini ya maji. Hesabu imekataa hapohapo. Isitoshe, meli ikienda kwenye maji machache inajivuta chini zaidi kadiri inavyoongeza mwendo. Nilimuuliza mbona meli za mizigo naona zinapita. Akasema zile zinapunguza shehena: badala ya kujaza, zinabeba robo au theluthi, zinaelea juu. “Mimi siwezi kuacha vyumba na jiko Mainz,” akasema.

Mainz ndipo nilipoelewa maana ya maji kupungua kwa mwili wa mtu mzima. Gati lilikuwa juu, meli chini. Asubuhi nilipofungua pazia sikuona mto, niliona ukuta wa mawe, na juu yake mstari mweusi wa pale maji yanapofika siku za kawaida, magugu yamekauka yananing’inia. Daraja la kutokea melini lilikuwa limeinama kama ngazi ya kupandia darini. Mama ana magoti mabovu. Yule mhudumu wake mbele, mimi nyuma, tulichukua dakika kadhaa kupanda kipande ambacho siku nyingine ni hatua kumi. Masanduku yalitakiwa yawe nje ya mlango kabla ya saa moja asubuhi. Mtu wa miaka 70 aliyeahidiwa “utafungua sanduku mara moja tu” alilifunga na kulifungua mara mbili.

Basi lilifuata barabara ya ukingo wa kulia, na kusema kweli bonde lile ni zuri hata ukiliona kwa dirisha la basi. Mizabibu imepandwa kwenye miteremko mikali sana, ngome juu ya kila kilima. Tulipofika Kaub dereva akapunguza mwendo. Katikati ya mto pana ngome ndogo nyeupe, Pfalzgrafenstein, imejengwa juu ya mwamba kama meli ya mawe. Zamani ilikuwa ya kutoza ushuru vyombo vinavyopita. Siku hiyo watu walikuwa wanatembea kwa miguu juu ya mawe makavu kuizunguka. Baba mmoja amembeba mtoto mabegani, mahali ambapo sisi tulikuwa tupite na meli. Mama alishika kiti cha mbele akainuka kutazama. Hakusema kitu, aligusa tu mkono wangu.

Mwamba wa Loreley, ambao ndio picha ya kwanza kwenye tangazo la safari, hatukuuona. Una urefu wa mita 132 na unapendeza ukiwa katikati ya mto ukauinulia macho. Barabara inapita chini yake kabisa. Mama akauliza uko wapi, nikamwambia tuko miguuni pake, akainamisha kichwa dirishani, hakuona ila jiwe.

Tulikula mchana Koblenz, pale Mosel unapoingia Rhine, tukafika Köln jioni. Meli ya pili ilikuwa pacha wa ile ya kwanza kweli: namba ya chumba ileile, pazia lilelile. Ila watu wake hawakuwa wale. Mama alimtafuta Mfilipino wake siku mbili. Kutoka hapo hadi Amsterdam hatukusimama tena.

Sasa lalamiko langu. Mto siulaumu, wala nahodha. Mamlaka ya njia za maji ya Ujerumani inatoa vipimo vya Kaub kwenye intaneti kila siku, bure, pamoja na makadirio ya siku zinazofuata. Maana yake kampuni ilikuwa na namba hizo wakati mimi na mama tunapanda treni kwenda Basel. Masanduku, mabasi na meli ya pili havikupangwa kwa usiku mmoja. Walijua, na wakatuambia tukiwa tumeshalala melini usiku wa kwanza, wakati kurudi nyuma haiwezekani. Wangenipigia simu siku tatu kabla, pengine bado ningekwenda, lakini ningeomba chumba cha juu, ningeomba kiti cha magurudumu Mainz, ningempunguzia mama mzigo wa sanduku. Kilichoniuma ni kunyimwa nafasi ya kujipanga.

Kuhusu fidia. Siku ya mwisho tulipewa barua yenye vocha ya kupunguziwa bei tukisafiri nao tena. Mama yangu anarudi Pangani, vocha ataifanyia nini? Nikaandika barua kudai pesa. Jibu la kwanza lilisema ukame ni jambo lisilozuilika, kwa hiyo hawadaiwi. Hapo ndipo mjue sheria. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya kuhusu safari za kifurushi, yaani usafiri na malazi vikiuzwa pamoja, namba 2015/2302, yanatenganisha vitu viwili. Fidia ya usumbufu kweli wanaweza kuikwepa kama sababu ilikuwa isiyozuilika. Lakini kupunguziwa bei kwa sehemu ya safari ambayo hukupewa ni jambo jingine, na hilo halikwepeki kwa kisingizio cha ukame. Nikaandika tena, nikaorodhesha siku na vituo tulivyokosa. Baada ya wiki sita wakarudisha sehemu ya pesa, taslimu kwenye akaunti. Haikuwa kubwa, ila ilikuwa haki yetu.

Kama bado mnataka kwenda, na mimi nasema nendeni, angalieni mto wenyewe kabla ya kuangalia meli. Rhine ya kati hupungukiwa zaidi kuanzia Agosti mpaka Oktoba au Novemba. Danube nayo ina pabaya pake Bavaria, kati ya Straubing na Vilshofen, kiasi cha kilomita 70 bila bwawa. Safari zinazoanzia Passau kushuka Vienna na Budapest hazipiti hapo. Mito yenye mabwawa na malango mfululizo inashika maji yake hata wakati wa ukame: Mosel, Main, Rhône, Seine, Douro ya Ureno. Ukienda mapema sana, Machi au Aprili, unaweza kukutana na kinyume chake, maji yamejaa mpaka meli haipiti chini ya madaraja, na hapo pia basi linakungoja.

Jambo jingine kwa wanaoleta wazazi kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ya kuingia mara moja: Rhine yote kutoka Basel hadi Amsterdam imo ndani ya Schengen, hata ukihamishiwa basi. Danube ya chini inapita Serbia, ambayo imo nje, na ukishatoka viza hiyo haikurudishi ndani. Someni ratiba mstari kwa mstari.

Na kabla ya kulipa, ulizeni kwa barua pepe: maji yakishuka Kaub mnafanya nini, mtatuambia siku ngapi kabla, na ni namba gani kwenye kipimo inayowafanya mbadilishe meli? Kampuni moja ilinijibu swali hilo kwa aya tatu zilizonyooka, na ndiyo niliyoichagua kwa safari ya Mosel, mwezi wa Mei, nikienda na dada yangu.

Mama alirudi nyumbani Septemba. Kila Agosti nikimpigia, baada ya shikamoo na habari za majirani, ananiuliza Kaub leo ni ngapi. Nafungua ukurasa wa vipimo, namsomea namba, naye anawasomea waliokaa naye barazani.