Mauser (bunduki ya Kijerumani) ya mninga kutoka kwa fundi wa Ngamiani, nyota 4

Jamani mi ugonjwa wangu bunduki za kale. Wenzetu Marekani wanauziwa kopi za rashasha za zamani zinazotoa risasi moja moja kila ukivuta triga, maana tangu 1986 raia hauziwi rashasha mpya, sasa sie huku Tanga nikasema hata ya mbao poa tu. Nikaagiza Mauser ya 1871, ile ya askari wa Mjerumani kwenye vita ya hapa Tanga Novemba 1914, ile ambayo nyuki walivamia wapiganaji; baruti ya bunduki hiyo moshi kibao mpaka adui anajua ulipojificha. Mninga safi, kitako kimekaa begani kama kimezaliwa hapo, ila boliti (kile kipande cha kuvuta nyuma ili kuingiza risasi) haichezi, fundi kaigandisha na gundi!! Nimemrudishia. Bei mnaongea.