Kendwa msimu wa UVIKO-19: tathmini ya safari ya mwezi mpevu kutoka Dar

Mwezi wa Desemba 2021 unapevuka Jumapili tarehe 19, kama saa moja na nusu asubuhi. Sherehe ya Kendwa Rocks, hoteli ya ufukweni kaskazini mwa Unguja, hufanyika Jumamosi iliyo karibu zaidi na mwezi mpevu, kwa hiyo safari hii inaangukia usiku wa tarehe 18, na mbalamwezi itakuwa kamili kuanzia magharibi hadi kucha. Hapa Dar watu wameshaanza kuulizia boti na vyumba. Tathmini hii, iliyoandikwa kabla ya sherehe hiyo ya Desemba 2021, inaipima safari nzima, kutoka bandarini Dar hadi kurudi nyumbani, kwa kipimo kimoja ambacho matangazo hayakitaji: hewa. UVIKO-19 husafiri zaidi kwa hewa ambayo watu wengi wanaivuta kwa pamoja mahali palipofungwa. Ukiiangalia safari hivyo, ufukwe wenyewe unapata alama nzuri kuliko njia ya kuufikia, na hilo linabadilisha karibu kila uamuzi, kuanzia kiti cha kukalia hadi siku ya kurudi.

Kwanza masharti. Kwa ajili ya UVIKO-19 Tanzania haikuweka amri ya kutotoka nje usiku, ilhali Kenya ilikuwa nayo tangu Machi 2020 hadi ilipoondolewa tarehe 20 Oktoba 2021. Ibiza, kisiwa cha Hispania kinachojulikana kwa disko, kumbi zake kubwa zilipitisha majira mawili ya joto zikiwa zimefungwa, zikafunguliwa Oktoba. Ndiyo maana Kendwa ilipokea wageni ambao zamani wangekwenda kwingine. Mgeni aliyetoka nje ya nchi alikuwa na kazi zaidi: tangu tarehe 4 Mei 2021 alitakiwa kuwa na cheti cha PCR, kipimo cha maabara cha virusi, cha ndani ya saa 72 kabla ya kufika na kujaza fomu ya afya mtandaoni. Mtu wa Dar aliyevuka kwenda Unguja hakuombwa PCR. Bandarini mwaka huo alikuta maji tiririka, vitakasa mikono, agizo la kuvaa barakoa na pengine kipima joto. Kipima joto kisikupe imani kubwa. Mwenye virusi huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla ya dalili yoyote, na wengine hawapati homa kabisa.

Tiketi ikatwe mapema, dirishani au mtandaoni. Wanaokudaka barabarani karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu wakikuambia boti imejaa na wao wana nafasi, wapite tu. Mwaka 2021 nauli ya daraja la kawaida kwa raia ilikuwa shilingi 25,000, na mgeni alilipa dola 35. Beba kitambulisho cha taifa cha NIDA, maana kitaangaliwa, na hotelini ndicho kitakachokupa bei ya mwenyeji. Fika saa nzima kabla ya boti kuondoka. Boti ya saa moja asubuhi ndiyo tunayoipendekeza, kwa sababu bahari huwa tulivu zaidi asubuhi na unafika Kendwa na mchana mzima mbele yako.

Safari ni kama saa mbili, na hapa ndipo penye hatari kubwa ya siku ya kwanza. Ukumbi wa ndani wa boti za kasi una viyoyozi na madirisha yasiyofunguka. Kiyoyozi kinapoza hewa ileile na kuirudisha, na ubaridi usikudanganye ukadhani ni hewa mpya. Ukiweza, kaa sehemu ya wazi ya nyuma. Nafasi zake ni chache na huchukuliwa na wanaopanda kwanza, jua ni kali, na moshi wa injini huja kwa vipindi, lakini upepo wa baharini unafanya kazi ambayo barakoa peke yake haiwezi. Ukilazimika kukaa ndani, vaa barakoa ya hospitali yenye waya wa pua, uibane vizuri pembeni, na usiivue ili ule. Kunywa chai kabla ya kupanda. Mwenye kuchafukwa na bahari ameze dawa nusu saa hadi saa moja kabla ya boti kung'oa nanga na akae nyuma karibu na katikati, ambako boti hutikisika kidogo kuliko mbele. Desemba kaskazi imeshaanza na mkondo wa Zanzibar una nafuu, tofauti na miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, ambapo kurudi Dar ni kupigana na mawimbi njia nzima. Beba mifuko miwili ya plastiki isiyovuja na barakoa za akiba: aliyetapika akiwa na barakoa moja tu ataimaliza safari bila barakoa.

Kutoka bandari ya Malindi hadi Darajani ni mwendo mfupi wa miguu, na hapo ndipo mwaka 2021 palipopatikana daladala namba 116 ya Nungwi. Kendwa iko kabla ya kufika Nungwi. Mwambie konda akushushe njia panda, kisha utembee kama dakika 20 au uchukue bodaboda kuteremka ufukweni. Umbali ni kama kilomita 60. Teksi huchukua saa moja na kitu, daladala inakaribia saa mbili kwa sababu ya vituo. Ukiipata ile gari ya wazi ubavuni, chai maharage, ipande hiyo. Wengi huiona duni kuliko basi dogo lenye vioo, lakini kwa hewa ndiyo bora kuliko vyombo vyote vya safari hii. Teksi ya watu wanne ni salama kama wanne hao mnaishi pamoja na vioo vinne viko wazi. Teksi ya kuchangia na watu msiojuana, vioo vimefungwa kwa ajili ya kiyoyozi, ni boti ile ile kwa udogo.

Fedha taslimu zitoe Dar au mjini Unguja kabla ya kupanda daladala. Mashine za benki upande wa kaskazini ni chache na mwisho wa wiki wa sherehe huishiwa. Kulipa kwa simu kunawezekana sehemu nyingi, ila kumbuka tangu tarehe 15 Julai 2021 kila muamala wa kutuma na kutoa uliwekewa tozo ya serikali juu ya ada ya kampuni, kwa hiyo toa mara moja kiasi cha kutosha.

Kuhusu chumba, uliza jambo moja kabla ya bei: je, madirisha yanafunguka na yana wavu? Chumba chenye feni, wavu na upepo unaopita huku na huku ni bora kuliko chumba cha kiyoyozi kilichozibwa, hasa mkiwa watatu au wanne mnaogawana gharama. Vyumba vya kulala watu wanane kwa bei ya kitanda tusingevipendekeza msimu huu hata kwa nusu ya bei. Watu wanane watakaorudi saa kumi alfajiri kutoka pembe mbalimbali za sherehe, wakalala kwa muda wa saa tano mlango ukiwa umefungwa, wanapeana kila walichokusanya usiku kucha.

Sasa sherehe yenyewe. Muziki huanza giza likiingia, umati hujaa kuanzia saa nne, na hunoga baada ya saa sita. Ni mchangani, chini ya anga, na kwa kipimo chetu hilo ni jambo kubwa: hewa inayotoka kinywani mwa mtu huchukuliwa na upepo kabla haijajikusanya. Kendwa inatazama magharibi, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, yaani kutoka nchi kavu kwenda baharini. Kwa hiyo anayecheza ukingoni mwa maji, katikati, anapokea hewa iliyopita juu ya umati wote. Upande wa juu wa ufukwe, pembe ya kaskazini, ndiko upepo unakofika kwanza. Kaa huko, na sogea mbali na spika kiasi cha kuweza kuongea bila kupaza sauti. Watu husahau kwamba spika ni sehemu ya tatizo: kelele ikizidi, kila mtu humsogelea mwenzake sikioni na kupiga kelele, na anayepiga kelele hutoa matone mengi kuliko anayeongea kwa utulivu.

Palipo na paa ndipo pa kuogopa. Kaunta ya vinywaji, foleni ya vyoo na mabanda ya kukaa yenye kuta za makuti hujaa kuanzia saa tano. Nunua vinywaji viwili kwa mpigo, rudi mchangani. Barakoa vaa unapokwenda kaunta na chooni. Kuivaa unapocheza hakusaidii sana, maana ikilowa jasho inaziba pumzi na kuvuja pembeni, na baada ya nusu saa itakuwa shingoni. Mtu mmoja anahitaji barakoa tano kwa siku mbili: mbili za boti, moja ya daladala, mbili za usiku, zote kwenye mfuko mkavu. Shisha usichangie, wala chupa, wala sigara. Vitakasa mikono havifanyi kazi kwenye mikono yenye mchanga na mafuta ya jua. Nawa kwanza kwa maji na sabuni, na sabuni beba yako kwa sababu ya vyooni huisha mapema. Jingine: kitakasa ni spiriti. Panapochezwa ngoma ya moto au kuwashwa moto wa ufukweni, mikono iwe imekauka kabisa kabla hujasogea.

Halafu maji. Mwezi mpevu huleta bamvua, yaani maji kujaa sana na kupwa sana, na hapo wageni wengi hupoteza vitu. Kendwa inasifiwa kwamba bahari haikimbii mbali kama Paje, upande wa mashariki wa kisiwa, na ni kweli unaweza kuogelea karibu saa zote, lakini maji hupanda na kushuka vilevile. Siku za mwezi mpevu Unguja, maji hutoka kabisa kama saa nne usiku, ufukwe unakuwa mpana, watu wanatandika kanga na kuacha viatu na mikoba chini kabisa. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri bahari imerudi juu. Ufukwe uliokuwa na nafasi ya kutosha kila mtu unabaki ukanda mwembamba, na umati unasukumwa kuelekea kwenye mabanda, bega kwa bega. Kwa vitu vyako na kwa mapafu yako, ondoka saa nane usiku, au hama mapema upande wa juu. Kuogelea gizani baada ya pombe, maji yakiwa yanakwenda kasi, kusiwepo kwenye mpango wa mtu yeyote.

Kijijini vaa nguo ya kufunika mabega na magoti. Ufukweni uko huru, Nungwi sokoni hauko huru hivyo. Hospitali ya serikali iliyo karibu ni ya Kivunge, iko kwenye barabara hiyohiyo ya kurudi mjini.

Hesabu ya kurudi ndiyo wengi hukosea, hasa ndugu waliotoka nje na wana ndege ya kurudi. Wanapanga sherehe Jumamosi, sampuli ya PCR Jumapili, ndege Jumanne, na majibu yakitoka safi wanadhani wamesalimika usiku ule. Virusi huhitaji siku kadhaa mwilini kabla ya kipimo kuviona. Dalili zenyewe huja kati ya siku 2 na 14, mara nyingi karibu na ya tano. PCR ya Jumapili inazungumzia wiki iliyopita. Mwenye ndege aweke sherehe mwanzo wa likizo, apumzike siku tano au sita, ndipo apime. Aache pia nafasi ya majibu kuchelewa, maana mwaka 2021 saa 72 zilihesabiwa tangu sampuli ichukuliwe.

Anayerudi Dar hana kipimo cha kumzuia, na hilo linampa wajibu mkubwa zaidi. Boti za Jumapili alasiri hujaa watu waliokesha na wanaosinzia barakoa ikiwa kidevuni. Jumatatu asubuhi kuna nafasi zaidi, na ikiwa kazini wanakuruhusu, gharama ya kulala usiku mmoja zaidi ina thamani yake. Ukifika, kama nyumbani kuna bibi, babu, au mgonjwa wa kisukari au presha, kaa mbali nao siku saba, kula nje barazani, na madirisha yawe wazi. Salamu za Krismasi kwa mzee wa Mbagala zinaangukia siku ya saba baada ya sherehe ya tarehe 18. Mpelekee Jumapili tarehe 26. Kujifukiza kunazibua pua, hakuondoi virusi. Chanjo inasaidia kweli, na Janssen iliyoanza kutolewa nchini mwishoni mwa Julai 2021 ni dozi moja, ila mwili huhitaji wiki mbili kujijenga. Kwa sherehe ya tarehe 18, sindano ya mwisho yenye maana ni ya tarehe 4.

Asiyewahi asilazimishe. Mwezi wa Januari 2022 unapevuka usiku wa kuamkia Jumanne tarehe 18, na Jumamosi iliyo karibu ni tarehe 15, siku tatu tu baada ya Sikukuu ya Mapinduzi, kwa hiyo boti wiki hiyo zitajaa kuanzia Jumanne. Tiketi ya Januari ikatwe kabla ya mwaka mpya.